Mtihani wa Mhasibu na Hisa za Marehemu



Mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba ni miezi mizito katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Ndiyo miezi ambayo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hutoa mitihani yake, na kwa majuma mengi kabla ya hapo, mjini Tabora kama mahali pengine, kuanzia Isevya na Ng'ambo hadi Cheyo na Kitete, utakuta taa ya sebuleni haizimwi mapema. Baba au mama aliyeshinda kazini akipitia hati za malipo hurudi jioni, akala, akafungua vitabu upya. Watoto huambiwa wapunguze sauti ya redio. Fedha ambazo zingenunua mabati au sare za shule zimekwenda kulipia ada ya mtihani.

Makala haya yanamhusu mtahiniwa huyo, lakini yameandikwa zaidi kwa ajili ya mwenziwe aliye upande wa pili wa meza, ambaye hakusoma uhasibu na ambaye huenda amekwisha kujiuliza kama elimu hiyo ina faida yoyote nyumbani zaidi ya kupandishwa cheo. Katika ngazi ya mwisho ya mitihani hiyo imo karatasi ya fedha za biashara na za makampuni, na ndani yake imo mada ya kukadiria thamani ya hisa. Ni mada inayowatia hofu wengi. Nayo ndiyo mada ambayo, pengine kuliko nyingine zote, huweza kubisha hodi nyumbani kwako hata kama hapana mtu wa kwako aliyewahi kuketi katika chumba cha mtihani huo.

Tuseme amefariki mzee mmoja aliyekuwa mtumishi wa reli. Katika sanduku lake mjane anakuta karatasi zinazoonyesha kwamba mwaka 2009, wakati Benki ya CRDB ilipouza hisa zake kwa umma kwa shilingi 150 kila moja, marehemu alinunua hisa 1,000. Alilipa, kwa hiyo, shilingi 150,000. Tuseme pia kwamba ni katikati ya mwaka 2024, na arobaini haijaisha. Mdogo wa marehemu anafika kwa upole na kusema: "Shemeji, haya makaratasi yatakusumbua bure. Mimi nitakurudishia fedha yote ya kaka, shilingi 150,000, usipate hasara hata ya senti moja."

Je, mama huyo akubali? Shemeji yake si mwizi. Yamkini anaamini kabisa kwamba anamtendea haki, kwa kuwa bei iliyoandikwa ni 150 na yeye anatoa 150. Swali hilo ndilo swali la mtihani, isipokuwa limevuliwa Kiingereza chake.

NENO LENYE HISTORIA

Si ajabu kwamba neno "hisa" lingali likiwatatiza wengi. Tulilijua kwa njia mbili. Ya kwanza ni hisa za ushirika: mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hununua hisa katika chama chake cha msingi, na hisa hiyo ni kama kiingilio, kwa kawaida akiondoka hurudishiwa kile alichoweka. Huyo ndiye anayeweza kusema kwa haki kwamba hisa ya 150 ni 150. Njia ya pili ni Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, lakini neno lenyewe lilikuwa limekwisha kupata harufu ya unyonyaji, na harufu haiondoki kwa tangazo.

Taifa lilipotwaa mabenki mwezi wa Februari 1967 lilijikuta linahitaji watu wa kutunza hesabu zake. Mwaka 1972 ikatungwa sheria iliyounda Bodi tuliyoitaja, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar es Salaam. Hata hivyo, mashirika ya umma hayakuwa na hisa za kuuzwa sokoni. Mtahiniwa wa siku zile alijifunza kukadiria thamani ya hisa kama vile mtu wa Tabora anavyoweza kujifunza kuogelea baharini kwa kusoma kitabu.

Bahari yenyewe ilikuja baadaye. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilipitishwa mwaka 1994, Soko la Hisa la Dar es Salaam likaundwa mwaka 1996, na tarehe 15 Aprili 1998 likaanza kazi likiwa na hisa za kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Wakafuata watengenezaji wa bia, wa sigara, wa saruji. Ikaja Benki ya NMB mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Leo mkazi wa Tabora hana haja ya kupanda treni kwenda kununua hisa. Anaweza kununua kwa simu yake akiwa amekaa barazani. Urahisi huo una hatari yake, kwa kuwa simu humwonyesha bei na haimwonyeshi thamani.

SARAFU YA TEMBO

Juu ya tofauti ya mambo hayo mawili, bei na thamani, Tabora yenyewe ina mwalimu aliye mkongwe kuliko soko lolote la hisa nchini. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiendelea, Wajerumani walikuwa wamefungiwa njia ya baharini na manowari za Waingereza, na fedha zilikuwa zimewaadimikia. Basi wakapiga sarafu za dhahabu hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Upande mmoja wa sarafu hiyo yupo tembo, na kiasi kilichoandikwa ni rupia 15.

Sasa tazama hesabu. Rupia 15 zilikuwa sawa na maki 20 za Kijerumani. Lakini sarafu ile, yenye uzito wa zaidi kidogo ya gramu 7, haikuwa dhahabu tupu; dhahabu yake safi ilikuwa robo tatu tu, na ukiiyeyusha ungepata dhahabu ya maki 15. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora. Serikali iliyokuwa imeahidi kwamba kipande kile ni rupia 15 ikawa haipo tena mjini. Ahadi ikaondoka na mwenyewe, dhahabu ikabaki. Na leo hii wako watu duniani wanaokusanya sarafu za kale, ambao huinunua kwa fedha nyingi mara kadhaa kuliko dhahabu iliyomo, kwa sababu tu zimebaki chache.

Kipande kimoja, basi, na thamani tatu: ile iliyoandikwa, ile iliyomo ndani, na ile ambayo mnunuzi wa siku ile yuko tayari kutoa. Shemeji katika mfano wetu ameishika ya kwanza. Na hata hiyo ameishika vibaya, kwa maana shilingi 150 ilikuwa bei ya siku moja ya mwaka 2009 na haikuwa ahadi ya mtu yeyote.

Katika vitabu vya mtahiniwa, njia mojawapo ya kutafuta thamani ya hisa inafanana na kuiyeyusha sarafu: hesabu mali zote za kampuni, toa madeni yote, gawa kilichobaki kwa idadi ya hisa. Njia hiyo inafaa pale kampuni inapofungwa na vitu vyake kuuzwa, au pale mtu anapoinunua kampuni nzima. Kwa mwenye hisa 1,000 katika benki kubwa haifai sana, maana hawezi kwenda kudai kiti kimoja na dirisha moja. Ipo njia nyingine ya kulinganisha: ukijua kwamba kampuni zinazofanana na hiyo huuzwa kwa mara nane ya pato lao la mwaka, nawe unazidisha pato la kampuni yako kwa nane. Nayo ni njia ya haraka, ila katika soko letu, ambalo kampuni zake zote hazizidi thelathini, kupata kampuni "inayofanana" ni kazi. Kiwanda cha saruji hakimfundishi mtu bei ya benki.

Yabaki njia ya tatu. Tabora ni mji wa miembe, na kila mwenye mwembe uani anajua kwamba haununuliwi kwa kuni zake. Unanunuliwa kwa maembe utakayozaa, ya mwaka huu, ya mwakani, na ya miaka ambayo huenda mnunuzi mwenyewe hatakuwapo. Mwaka 1938 Mmarekani mmoja, John Burr Williams, alitoa kitabu kilicholieleza wazo hilo kwa kirefu: hisa ni magawio yake yote yajayo, yaliyohesabiwa kwa thamani ya leo. Maneno "kwa thamani ya leo" ndiyo yanayowaangusha watahiniwa, na hapa inatubidi tutoke mjini na kuifuata njia ya misafara.

FEDHA ILIYO NJIANI

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alitumia siku 134 kutoka Pwani hadi Kazeh, yaani Tabora ya sasa. Kutoka hapa hadi Ujiji ilikuwa safari nyingine. Mfanyabiashara wa misafara hakuwa na fedha za kulipia merikani, shanga na masango aliyoyapeleka bara. Alivichukua kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, mashuhuri kati yao akiwa Taria Topan, ili alipe atakaporudi na pembe. Na bei ya mkopo haikuwa bei ya taslimu. Tajiri aliyetoa jora la merikani leo, alipwe baada ya miaka miwili au mitatu, aliliandika kwa bei ya juu zaidi. Hakuwa na haja ya kusoma kitabu cha mtu yeyote ili kujua kwamba fedha iliyo mbali njiani si sawa na fedha iliyo mkononi.

Hebu tufanye hesabu yake kwa fedha za leo. Mtu anaahidi kukulipa shilingi 100,000 baada ya miaka miwili, nawe unajua kwamba mahali pengine fedha yako ingekuzalia asilimia 15 kwa mwaka. Gawa 100,000 kwa 1.15, kisha gawa tena kwa 1.15. Unapata shilingi 75,614 hivi. Hiyo ndiyo thamani ya ahadi ile leo. Ikiwa ni miaka mitatu, 65,752. Sasa mkumbuke Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, ambaye baba yake Muhammed bin Juma aliishi hapa Tabora na kumwoa binti wa mtemi Fundikira. Safari yake kubwa ya tatu ilianza mnamo mwaka 1870 na hakurudi Pwani hadi mwaka 1882. Ahadi ya shilingi 100,000 itakayolipwa baada ya miaka 12, kwa kiwango kile kile cha asilimia 15, leo haifiki hata 19,000.

Umbali si jambo pekee. Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, na Henry Morton Stanley, aliyefika hapa mwaka huo akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini. Mkopeshaji wa Unguja aliyesikia habari za vita hivyo angekuwa mpumbavu kutoa mali kwa kiwango cha jana. Njia ikiwa na hatari, kiwango hupanda, na kiwango kikipanda thamani ya leo hushuka, ingawa idadi ya pembe zilizoahidiwa haikubadilika. Mtahiniwa akilielewa hilo amemaliza nusu ya mada. (Tusisahau pia kwamba njia hiyo ilipitisha watumwa, nao walihesabiwa faida kama zilivyohesabiwa pembe. Kanuni za hesabu zilifanya kazi barabara hata hapo.)

Kiwango hicho, je, hutoka wapi? Huanzia katika kile ambacho mtu angepata bila kujihatarisha sana. Mwaka 2021 hati fungani za Serikali za miaka 25 zilitolewa zikiwa na riba ya asilimia 15.95. Mtu aliyeweza kupata hizo hakuwa na sababu ya kununua hisa kwa matumaini ya asilimia 12. Mwaka 2022 riba ya hati mpya za aina hiyo ilishushwa hadi asilimia 12.56, na kwa kitendo hicho tu hisa zote zenye magawio mazuri zikawa na thamani kubwa zaidi, ijapokuwa hakuna kiwanda kilichoongeza hata chupa moja.

TURUDI KWA MJANE

Kanuni ambayo watahiniwa huikariri, na ambayo huitwa kwa jina la Myron Gordon aliyeieneza katika miaka ya 1950, inasema hivi: chukua gawio la mwaka ujao, ligawe kwa tofauti iliyopo kati ya kiwango cha faida unachodai na kiwango ambacho gawio hilo linakua kila mwaka. Basi.

Magawio ya CRDB yanajulikana, maana hutangazwa magazetini. Kwa mwaka 2019 kila hisa ilipata shilingi 17. Mwaka 2020, 22. Mwaka 2021, 36. Mwaka 2022, 45. Mwaka 2023, 50. Mtahiniwa mwenye haraka atatafuta wastani wa ukuaji kutoka 17 hadi 50 kwa miaka minne, naye atapata asilimia 31 kwa mwaka. Ataiingiza katika kanuni pamoja na kiwango cha faida cha asilimia 18, atatoa 31 katika 18, na kanuni itampa thamani iliyo chini ya sifuri. Hapo ndipo kalamu huanguka na jasho kutoka. Kanuni haikukosea. Inakataa kukubali kwamba gawio la kampuni moja linaweza kukua kwa asilimia 31 milele, kwa sababu kampuni ya namna hiyo siku moja ingekuwa kubwa kuliko nchi iliyomo.

Kwa hiyo tuwe na kiasi. Tudai asilimia 18, kwa kuwa hisa ina hatari kuliko hati za Serikali, na tuseme gawio litakua kwa asilimia 6 tu kila mwaka. Gawio la mwaka ujao ni 53. Ligawe kwa 0.12, unapata shilingi 442 hivi. Ukikubali ukuaji wa asilimia 8, unapata 540. Ukisema gawio litakua kwa kasi ya asilimia 20 kwa miaka mitatu kisha litulie kwenye asilimia 6, hesabu ni ndefu kidogo lakini inakufikisha karibu na 620. Mwingine anayeridhika na faida ya asilimia 15, pamoja na ukuaji wa asilimia 8, atafika 771.

Mama aliye upande wa pili wa meza hapa ana haki ya kucheka. Miaka yote hii ya kusoma, na ada yote ile, na jibu ni kati ya 442 na 771? Ndiyo. Lakini tazama vizuri: shemeji ametoa 150. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo, la mwenye hofu wala la mwenye tamaa, linalokaribia pale. Hata ukizitupa kanuni zote jikoni, gawio la hisa 1,000 kwa mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa katika magawio ya kampuni zilizo sokoni, mkononi zinabaki 47,500. Kwa magawio ya namna hiyo shemeji angerudisha fedha yake yote katika miaka mitatu na miezi michache, na hisa angebaki nazo. Kwa kuamua jambo hilo haihitajiki kujua thamani kamili. Inatosha kujua imesimama upande gani wa bei unayopewa.

Na tumtendee shemeji haki. Mwaka 2019 hisa hizo hizo zilikuwa zikiuzwa sokoni chini ya ile 150 ya mwaka 2009. Ukichukua gawio la mwaka huo, shilingi 17, na ukatumia viwango vile vile vya 18 na 6, kanuni inakupa shilingi 150 karibu kamili. Angekuja na fedha zake wakati ule, mhasibu yeyote angemshauri mjane kwamba bei hiyo ni ya haki. Maneno yale yale, kiasi kile kile, miaka mitano tu katikati. Gawio la mwaka 2024, lilipotangazwa, lilikuwa shilingi 65.

Isifikiriwe kwamba kila aliyenunua hisa amevuna. Mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze sehemu ya hisa zao kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza zake kwa shilingi 850. Wananchi wengi walinunua kwa sababu walilijua jina na walikuwa na simu zake mifukoni. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza hasara. Hasara haigawiwi. Kujua jina la kampuni ni jambo moja, na kujua itagawa nini mwaka ujao ni jambo jingine. Watu wengi hununua la kwanza wakidhani wamenunua la pili.

Jambo jingine linalowahusu hasa watu wa Tabora ni hisa za Kampuni ya Sigara Tanzania, zilizoingia sokoni mwaka 2000. Tumbaku ya mkoa huu ni mali ghafi ya sigara, na mtoto wa mkulima wa Urambo anaweza kuona fahari ya kumiliki kipande cha kiwanda. Lakini robo tatu ya hisa za kampuni hiyo zimo mikononi mwa mwenye hisa mmoja wa nje, na zile chache zilizobaki huuzwa kwa nadra, hata pakapita vipindi virefu ambavyo bei yake haikusogea. Bei isiyosogea kwa sababu hapana anayeuza wala anayenunua haikuelezi chochote juu ya thamani. Ni saa iliyosimama. Mtahiniwa akiulizwa kwa nini bei ya soko haitoshi kuwa jibu, mfano huo anao karibu.

MASOMO YA SEBULENI

Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na hapo pana shida ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtahiniwa wetu husoma "thamani" kwa lugha moja na huiishi kwa lugha nyingine. Hukariri kanuni kama mtoto anavyokariri sala ya lugha asiyoijua, na mtahini akibadilisha swali kidogo tu, sala inakatika. Dawa tunayoipendekeza haina gharama: kila jioni, kabla ya kufunga daftari, amweleze mwenziwe hesabu moja kwa Kiswahili, bila kutaja herufi wala alama. Mwenzi asiyejua uhasibu ndiye mtahini mkali kuliko wote, maana atauliza: "Kwa nini unagawa? Kwa nini umetumia gawio la mwakani na si lile la mwaka jana?" Swali hilo la pili ni mtego mkubwa. Gawio lililokwisha kulipwa limeliwa na aliyekuwa na hisa jana. Mnunuzi wa leo hununua la kesho. Anayeweza kulijibu hilo mbele ya sufuria ya ugali atalijibu pia mbele ya msimamizi wa mtihani.

Afanye pia hesabu za kampuni za hapa nyumbani, ambazo taarifa zake hutolewa kwa umma, kuliko kutegemea mifano ya vitabu vya London peke yake. Na katika karatasi ya majibu aandike wazi alichokidhania: "nimechukua ukuaji wa asilimia 6 kwa sababu kadha wa kadha." Tumeona jinsi asilimia mbili zinavyohamisha jibu kwa karibu shilingi 100. Jibu lisilosema limesimama juu ya dhana gani haliwezi kupimwa na mtu mwingine, awe mtahini au mjane.

Watoto nao wasifukuzwe sebuleni kila mara. Mtoto wa darasa la sita anaweza kugawa 100,000 kwa 1.15 mara mbili, na akafurahi kuambiwa kwamba hiyo ilikuwa hesabu ya misafara.

Limebaki jambo la mjane, ambalo si la mtihani. Hisa za marehemu hazihamishwi kwa kukabidhiana karatasi, si kwa shemeji wala kwa mtu mwingine. Zinaingia katika mirathi. Ukoo hukaa na kupendekeza msimamizi, msimamizi huthibitishwa na mahakama, na kwa hati ya mahakama wakala wa soko la hisa huzihamishia kwa warithi, ambao baada ya hapo wana hiari ya kuzishika au kuziuza kwa bei ya soko ya siku hiyo. Hisa siku hizi hutunzwa katika akaunti maalumu yenye namba ya mwenyewe. Namba hiyo mara nyingi ilijulikana na marehemu peke yake, au imeandikwa nyuma ya bahasha ambayo mtu ameitupa wakati wa kufagia baada ya matanga. Mama huyo amshukuru shemeji yake kwa moyo wake, amkaribishe chai, kisha aitafute ile bahasha. Na akienda kwa wakala aulize mambo mawili: jina la marehemu limesajiliwa kwa hisa ngapi, na ni magawio ya miaka gani ambayo bado hayajachukuliwa.